Mpiga Kinanda: Maana na Asili ya Neno

Katika makala haya mafupi tunakusudia kulichunguza neno *mpiga kinanda*, litumikalo kumtaja mtu aongozaye nyimbo kanisani kwa ogani. Wako wanaodai kwamba neno hili halitoshi, kwa kuwa kinanda ni jina la ala nyingi. Hivyo wapendelea *mpiga ogani*. Dai hili lafaa kupimwa.

Tuanze na umbo. Kitenzi *piga* hutumika kwa ngoma, zeze na hata zumari ipulizwayo. Nomino ya mtendaji inapofuatwa na yambwa, kitenzi hubaki na irabu yake *-a*: *mpiga ngoma*, *mpiga zumari*, *mpiga kinanda*. Isipofuatwa na yambwa, hupata kiishio *-ji*: *mpigaji*. Ama *mcheza kinanda*, umbo hilo lafuata Kiingereza. Katika Kiswahili mpiga ngoma ndiye autoaye mlio. Mcheza ngoma ni yule auitikiaye kwa mwili wake.

Sasa tuitazame asili. Kinanda cha kale cha pwani, hasa Lamu, kilikuwa ala ya nyuzi: mwili wake ulichongwa katika gogo moja na tumbo lake likawambwa ngozi. Ni ndugu wa gambusi la Yemen. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu lugha ya Unguja, alilieleza neno hili kuwa ni ala ya nyuzi, akaongeza kuwa lilitumika pia kwa takriban ala zote za Kizungu. Kwa hiyo piano, hamoniamu na ogani zilipoenea, jina lilikuwa tayari. Nyuzi zilitoweka, jina likabaki.

Je, upana huo wa maana ni kasoro? *Ogani* lenyewe, kwa kupitia Kiingereza na Kilatini, latokana na neno la Kiyunani *organon*, yaani chombo cha kazi cha namna yoyote. Hata *ala*, tulilolipata kutoka Kiarabu, asili yake ni maana hiyo hiyo. Basi lugha zote tatu zimepita njia moja.

Pale penye haja ya kupambanua, na tuseme *kinanda cha mabomba*. Lakini tusiliache neno letu kwa kudhani ni changa au maskini. Ampigaye Mungu sifa kwa kinanda leo amerithi jina lake kwa mwimbaji wa Lamu.