Fahamu: Kanuni za kuhariri Wikipedia

Wikipedia ni nini?
Wikipedia ni kamusi elezo huru ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, ambayo makala zake huandikwa na kurekebishwa na watu wa kujitolea. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003.

Kanuni tatu za msingi
Ya kwanza ni uthibitikaji, yaani dai linaloweza kutiliwa shaka sharti liambatane na chanzo cha kuaminika, kama vile kitabu au gazeti. Ya pili ni kutopendelea upande, na ya tatu hukataza utafiti mpya, kwa kuwa kamusi elezo hukusanya maarifa yaliyokwisha kuchapishwa.

Mivutano hutatuliwaje?
Wahariri wasioafikiana hutakiwa kuzungumza katika ukurasa wa majadiliano wa makala husika. Katika toleo la Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 huweza kuzuiwa kuhariri.

Anayeanza afanye nini?
Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya makala, hivyo kosa la mgeni hurekebishika, ingawa maandishi yaliyonakiliwa kinyume cha hakimiliki hufutwa. Ni vyema kujaribu kwanza katika ukurasa wa mazoezi.