Fahamu: Uoni hafifu si upofu

Mtoto wa kata ya Mchombe, mkoani Morogoro, anayesogeza daftari hadi liguse pua huenda ana uoni hafifu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hata akivaa miwani, jicho lake bora halifikii 6/18: kinachosomwa na wengine kwa mita 18, yeye lazima asogee ndani ya mita 6.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu shule za wasioona Afrika Mashariki ulikuta wanafunzi wengi wangeweza kusoma maandishi ya kawaida wakipewa miwani au lenzi ya kukuza. Inauma kweli: macho yapo, kifaa hakuna.

Kwa wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, darubini ndogo ya mkononi huusogeza karibu ubao wa darasani. Mzazi, usimwite mtoto wako mvivu. Mpeleke akapimwe macho Ifakara.