Asha kama Steringi: Usimulizi wa Filamu na Ufundishaji wa Kiswahili Mpakani Tororo

Makala haya yanachunguza lugha ambayo kwayo kijana wa Rubongi hukutana na shujaa wa kike. Filamu za kigeni katika vibanda vya video vya Uganda husimuliwa kwa Kiganda na wasimulizi kama VJ Junior; ng'ambo ya mpaka, DJ Afro husimulia kwa Kiswahili. Hao ndio wafasiri hasa wa filamu, ingawa sisi wanaisimu tumewapuuza. Neno steringi la watazamaji wa Kiswahili halibagui jinsia, kama kiambishi a- kisivyobagua: Katniss wa The Hunger Games (2012) akishika upinde, ni steringi, basi.

Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Hata hivyo, kwa wazungumzaji wengi wa Kidhopadhola lugha hii ingali inanuka kambi ya jeshi. Tunapendekeza kuanza na Pumzi (2009), filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu. Asha anatoroka mji uliofungwa, baada ya vita vya maji, ili akapande mbegu jangwani. Ina dakika zipatazo 20 na maneno machache, tena ya Kiingereza. Msimulizi wa Busia aweza kuisimulia kwa Kiswahili katika kipindi kimoja cha darasa.