Motokaa ya Zamani na Asubuhi za Baridi

Huku Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, miezi ya Juni na Julai ina asubuhi ambazo sakitu hulala juu ya majani kama unga uliomwagika. Ndizo asubuhi ambazo motokaa za zamani hukataa kuamka. Mimi ninayo Land Rover ya mwaka 1978, ya petroli, nami nimejifunza habari hii kwa hasara.

Alfajiri moja ya Julai jirani yangu alinigongea mlango. "Mwalimu, tusaidie, mama watoto ameshikwa na uchungu." Nikakimbia, nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka polepole mara mbili, kisha ikanyamaza. Tukawaita vijana wakaisukuma mpaka mteremkoni. Nikatia gea ya pili, nikaachia klachi, ikawaka. Mama alifika hospitali, akajifungua salama mtoto wa kike. Walakini tulikuwa tumepoteza karibu nusu saa, na nusu saa ile haijanitoka moyoni.

Fundi mmoja akaniambia kwamba betri imekufa. Nikanunua mpya kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ada ya shule ya mwanangu, na ile ya zamani nikamwachia yeye. Juma la pili baridi ilizidi, na mambo yakawa yale yale.

Ndipo akaja mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi. Hakufungua hata sanduku la vyombo. Akasema, "Mwalimu, piga stata kidogo, kisha njoo ushike hapa." Nikashika kichwa cha waya mnene utokao upande wa hasi wa betri, mahali unapofungwa kwenye chuma cha gari. Kilikuwa cha moto. "Basi," akasema, "umeme wako unakwama hapo." Tulipofungua parafujo tukakuta kutu tupu. Tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi juu. Kesho yake injini ikawaka mara moja.

Baridi huipunguzia betri nguvu, na wakati huo huo huifanya oili kuwa nzito, hata injini ikawa ngumu kuzungushwa. Kwa hiyo kutu kidogo isiyoleta taabu wakati wa joto huwa kizuizi kikubwa mwezi wa Julai. Mwenye kipima volti na apime kabla ya kufungua mkoba wake: betri iliyojaa, ikipumzika usiku kucha, huonyesha kama volti 12.6, ikishuka mpaka 12, imekaribia kuwa tupu. Tena mtu apige stata, nawe uguse kwa ncha moja nguzo ya hasi ya betri na kwa nyingine chuma cha injini. Ukiona zaidi ya nusu volti, kosa ni la waya.

Ikiwa stata yazunguka kwa nguvu na injini haiwaki, hilo ni shauri lingine. Petroli baridi haigeuki mvuke upesi, ndiyo maana kabureta ikapewa choki: ivute yote, wala usikanyage-kanyage pedali kwa hasira, maana plagi zitalowa. Zikiisha kulowa, rudisha choki, kanyaga pedali mpaka chini, upige stata.

Katika oili, tarakimu iliyo mbele ya herufi W ndiyo ya baridi, na ikiwa ndogo ni bora. 15W-40 hutiririka alfajiri kuliko ile iliyoandikwa 40 peke yake. Wako na watu wawashao makaa chini ya injini. Mimi sisimami karibu nao. Wala usiiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Ile betri yangu ya zamani, nasikia, ingali yawasha taa dukani kwa fundi yule.