Mzazi, hesabu si za wavulana peke yao

Jioni ikiingia Kirongwe, kisiwani Mafia, kazi za nyumbani haziishi. Kuna maji ya kuchota, nazi ya kukuna, mdogo wa kubembeleza. Mara nyingi anayeitwa kwanza ni binti, huku kaka yake akiendelea na daftari. Binti huyo akirudi na alama mbaya za hesabu, utasikia: "Mwache, hesabu si za watoto wa kike."

Maisha ya Profesa Verdiana Masanja yanayakanusha maneno hayo.

Alizaliwa Bukoba mwaka 1954. Alisoma hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya kwanza mwaka 1976 na ya uzamili mwaka 1981. Kisha akaenda Ujerumani, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na kupata shahada ya uzamivu. Anatambulika kuwa Mtanzania wa kwanza mwanamke kufikia ngazi hiyo katika hisabati.

Alichochunguza hakiko mbali na maisha yetu: jinsi vimiminika vinavyopita ndani ya bomba, hasa vile visivyotiririka kama maji. Fikiria uji mzito unavyomiminika kwa kusuasua. Hata damu haitiririki kama maji, na hesabu za aina hii huwasaidia wataalamu kuelewa mwendo wake mishipani.

Profesa Masanja alifundisha Dar es Salaam kwa miaka mingi, akafundisha pia Rwanda, kisha akajiunga na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Hakuridhika kufika peke yake. Aliratibu hapa nchini mradi wa FEMSA, uliolenga kuwainua wasichana wa Afrika katika hisabati na sayansi.

Je, mzazi asiyejua hesabu afanye nini? Anaweza mengi. Gawa kazi za jioni sawasawa kati ya binti na kaka yake. Mpe binti nafasi yenye mwanga, hata kwa saa moja. Ukimtuma dukani, mwache ahesabu chenji mwenyewe. Akikosea, usimcheke, muulize amekwama wapi, kisha uende ukazungumze na mwalimu wake.

Mtoto hazaliwi na hofu ya hesabu. Huiokota katika maneno anayoyasikia kila siku, na mengi huyasikia nyumbani.