Chuo cha kwanza kwenye orodha: cha kwanza kwa kipimo gani?

Matokeo ya Exetat yakitoka, wazazi wengi wa Butembo na Beni hutafuta orodha ya vyuo bora. Tuulize kwanza inapima nini. Webometrics hupima jinsi chuo kinavyoonekana kwenye intaneti na utafiti wake unavyotajwa na wengine. Haiingii darasani.

Marekani, gazeti la U.S. News hupanga vitivo vya sheria. Hadi 2022, asilimia 40 ya alama ilikuwa maoni ya walimu, mawakili na mahakimu. Mtihani wa kuingia nao ulihesabiwa, hivyo misaada ya masomo ikaelekea kwa wenye alama kubwa kuliko kwa maskini. Novemba 2022 Yale, ya kwanza tangu 1990, ilijitoa, ikisema orodha inaadhibu vitivo vinavyotayarisha mawakili wa wanyonge. Mwaka 2023 maoni yakapunguzwa uzito, ajira ikaongezwa.

Kwetu wajane wananyang'anywa mashamba bila mtetezi. Basi kabla ya kuuza ng'ombe, iwe kwa Graben hapa Butembo au ULPGL ya Goma, ulizeni: wangapi wanamaliza? Wangapi wamekuwa mawakili? Wanamtetea nani? Samweli naye alianza kwa kutazama kimo cha Eliabu (1 Samweli 16:7).