Hela ya dalali itoke mwisho

Anayetafuta chumba na sebule Sinza, Tabata au Kimara hulalamikia madalali kwa maneno yanayofanana: amenizungusha, amenipeleka kwenye nyumba nisizoziweza, kila nikitaka kufikiri ananiambia kuna mtu analeta hela jioni. Malalamiko hayo yote yana mzizi mmoja, nao ni namna dalali anavyopata riziki yake.

Kwa desturi ya Dar es Salaam, dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja, na anayeitoa ni mpangaji. Nyumba ya shilingi 300,000 inayotakiwa kulipiwa miezi sita inakudai 1,800,000 za mwenye nyumba na 300,000 za dalali. Hiyo laki tatu mara nyingi haiendi kwa mtu mmoja. Uliyempigia simu anamjua dalali wa mtaa ule, naye anamjua aliyeachiwa ufunguo. Wakiwa watatu, kila mmoja anaondoka na laki yake, na usipopanga hawapati kitu hata kama wameshinda juani na wewe. Hapo ndipo haraka yao inapotoka. Hapo pia ndipo ilipotoka hela ya kuonyeshwa nyumba, ambayo wapangaji wengi wanaichukia. Mimi sioni ubaya mtu kulipwa nauli na muda wake. Ubaya ni kutoa bila makubaliano, kwa sababu anayelipwa kila anapoonyesha hana sababu ya kuacha kuonyesha. Kabla hujatoa shilingi, mwambie atamke: ni ya nyumba ngapi, na itakatwa kwenye ile ya mwezi mmoja au la?

Kisheria, dalali ni wakala, yaani mtu aliyeagizwa na mwingine amtendee jambo. Sheria yetu ya Mikataba inamtambua hivyo, na anachokitenda ndani ya agizo lake kinambana aliyemtuma. Aliyemtuma dalali kwa kawaida ni mwenye nyumba, ingawa mfuko unaotoboka ni wako, kwa hiyo usimtarajie akupiganie bei. La kuuliza ni hili: agizo lake linaishia wapi? Kuonyesha nyumba ni jambo moja, kupokea kodi ni jambo jingine kabisa. Ukimkabidhi kodi dalali ambaye hakupewa idhini ya kuipokea, naye akatokomea nayo, mwenye nyumba ana haki ya kukuambia kwamba kwake hujalipa.

Kwa hiyo mpangilio wa malipo ndio kinga yako kubwa. Kwanza umwone mwenye nyumba. Ukiambiwa yuko safarini, zungumza naye kwa simu ya video, na anayemwakilisha alete barua ya idhini. Pita ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe uulize nyumba ile ni ya nani. Mpangaji anayehama amewahi kujifanya mwenye nyumba, na watu kadhaa wakalipia vyumba vilevile. Kisha mkataba utiwe saini, kodi iingie kwenye akaunti au namba ya simu yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba, upokee ufunguo, ufungue mlango. Hapo ndipo umlipe dalali, kwa njia inayoacha kumbukumbu. Dalali mwaminifu, nao wapo wengi, hatakasirika. Anayetaka yake kabla hujaonana na mwenye nyumba, achana naye.

Kagua pia mita ya luku. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na mita ya nyumba iliyokaa tupu huwa imelimbikiza deni. Mkubaliane nani analibeba, na iandikwe.

Ukitapeliwa, nenda polisi ukiwa na namba yake ya simu, ujumbe mlioandikiana na risiti ya muamala, kwani kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Mgogoro wa upangaji wenyewe una njia yake, kupitia Mabaraza ya Ardhi na Nyumba.

Kuna usumbufu mwingine unaokuja baadaye, nao ndio unaonisikitisha zaidi. Dalali aliyekupangisha anaijua nyumba, anamjua mwenyewe, na anajua miezi yako sita inaisha lini. Akimfuata mwenye nyumba na kumwambia ana mtu wa laki nne, wewe utaambiwa uongeze au uhame, na yeye atavuna mwezi mwingine kwa mpangaji mpya. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kinachosimama kati yako na nyongeza ya ghafla ni yale mliyoandikiana. Siku ile ile ya kwanza, mbele ya mwenye nyumba, omba vifungu vitatu: kodi haipandi ndani ya muda uliolipiwa, nyongeza yoyote itolewe taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla, na ukihuisha mkataba hakuna hela ya dalali.